Michembe ya Sherehe za Mfalme

Juzi mjukuu wangu alipanga nguo kwenye sanduku, anakwenda Kampala kula sikukuu. Nilichoka kwa kumtazama tu.

Zamani, nilipokuwa mdogo, baba naye alituambia watoto kwamba anakwenda Kampala, kuona sherehe za Mfalme wa Uingereza. Nyumba yetu ya Bugarama ilinukia karanga za kukaanga, na mama alijaza mifuko miwili ya michembe, viazi vilivyokaushwa.

“Baba, sherehe ni siku ngapi?”

“Chache, mwanangu.”

Kwa mifuko ile, nikadhani watu wa mjini hawakaribishi wageni chakula. Kumbe alikuwa anakwenda kulima pamba ya watu.

Alipoondoka nilishika ufagio nifagie mlangoni, mama akaninyang'anya. “Aliye safarini hafagiliwi nyayo mpaka arudi.”

Vumbi lile la mlangoni nililifagia mwenyewe, siku tuliyomzika mama, baba bado hajarudi.