Marehemu Ajifunza Kutokufa

Kazini hakuna aliyemwita jina lake. Watu waliingia asubuhi katika ghala la zamani la sabuni lililogeuzwa studio ya filamu, ambalo siku za mvua bado lilinukia sabuni, wakaulizana, "Marehemu kafika?" Mtu akajibu, "Yupo uani, anakunywa chai." Hakuna aliyecheka. Mzaha ukirudiwa miaka mingi huisha makali, mtu akauvaa kama kofia yake.

Alikuwa amekufa mara sitini na moja. Alichomwa tumboni, alikatwa shingo, alitupwa kutoka juu ya kuta. Katika filamu moja ambayo mwandishi wake alikuwa na haraka, aliuawa asubuhi kama askari, na mchana akauawa tena kama kaka wa yule askari, aliyekuja kulipiza kisasi.

Lakini kazi yake hasa ilikuwa kuwafundisha waigizaji kupigana kwa upanga. Darasani mwake mlikuwa na magodoro sita, panga za mbao zilizozungushiwa utepe mweusi, na mistari ya chaki sakafuni. Somo la kwanza lilikuwa lile lile kwa miaka ishirini na minne: anayekufa ndiye anayeongoza.

"Wewe unayepiga hujui kitu," aliwaambia. "Macho yako yana hasira, mikono yako ina haraka. Mimi ninayepigwa ndiye ninayeona. Nikikonyeza, inua. Nikivuta pumzi, shusha. Upanga upite hapa, kiganja kimoja kutoka sikioni. Baada ya hapo niachie kifo changu, hakikuhusu."

Kwa hiyo, kila mara, aliyejua kazi ndiye aliyekufa, na asiyejua akaondoka na binti wa mfalme. Marehemu hakuona ajabu. Aliyeona ajabu ni mama yake.

Mama huyu aliishi kwa mwanawe, chumba cha mbele, karibu na simu. Siku moja mwongozaji wa filamu alipiga, mama akapokea.

"Shikamoo, mama. Samahani, Marehemu yupo?"

"Marahaba. Marehemu yupi, baba? Hapa kwetu waliokufa ni wawili, mume wangu na shemeji yangu."

"Siyo hao, mama. Huyu wa leo."

Mama akakaa chini. Mwanawe aliporudi jioni na viazi mkononi, alimpapasa mabega yote mawili kabla ya kumruhusu aingie.

Filamu zote alizitazama. Alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, akasubiri mwanawe auawe, kisha akanyanyuka na kwenda zake bila kujali nani alishinda vita. "Nimefiwa na wewe mara sitini na moja," alimwambia, "na hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kunipa pole."

Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu. Daktari alisema ukungu ule hautoki. Kabla ya mwaka kwisha, mama angebaki kujua mwanga na giza tu. Wakirudi kutoka hospitali, walipofika kwenye kona ya duka la viatu, mama akasema:

"Sitaki makubwa. Nataka nikuone mara moja tu unatoka kwenye filamu kwa miguu yako."

Kesho yake Marehemu alimwendea mwongozaji, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe.

"Nina ombi. Kwenye filamu hii, nisife."

Mwongozaji akaweka karatasi zake mezani. "Mzee wangu, kuna mtu amekuudhi?"

Akaelezwa habari ya mama, akakuna kichwa, akampa nafasi. Marehemu angekuwa mlinzi wa lango la ngome. Staa, mwigizaji mkuu, angeinua upanga juu yake, angemhurumia, angesema, "Nenda kwenu." Mlinzi angetupa upanga wake na kutoka langoni. "Sekunde kumi," alisema mwongozaji. "Kazi yako ni moja, mzee. Usife."

Siku ya kupiga picha, mke wa Marehemu alikuwa safarini kwa dada yake, na mama hakuweza kuachwa peke yake. Akaja naye. Kiti chenye mto kilikuwa kimoja tu pale ghalani, kiti cha enzi kilichokuwa juu ya jukwaa, basi mama akaketishwa juu yake, kikombe cha chai mkononi, na mshonaji wa mavazi akakaa miguuni pake akimwelezea yasiyoonekana.

Staa aliinua upanga. Jicho la Marehemu likakonyeza lenyewe. Pumzi ikavutwa, goti likalegea, na kabla hajajua linalotendeka alikuwa chini, amekufa vizuri sana, mkono mmoja tumboni.

"Nenda kwenu," Staa akaiambia maiti.

"Kata," alisema mwongozaji. "Marehemu, umekufa."

"Nimeona. Samahani."

Wakarudia. Akafa. Wakarudia tena, akafa vizuri zaidi. Mara ya nne mshonaji alimfungia ubao ndani ya suruali ili goti lisikunjike, naye akaanguka mzima mzima kama mlango uliong'oka. Mara ya sita Staa alishauri asiinue upanga kabisa, amtazame tu. Akamtazama. Marehemu akafa kwa kutazamwa.

"Sijamgusa," Staa aliwaambia watu wote. "Mjue mimi sijamgusa."

"Mazoea yana taabu," alisema mshonaji.

Kutoka kitini mama aliuliza, "Anaendeleaje?"

"Ameanguka kidogo, mama."

"Ameanguka au amekufa?"

Mshonaji akatafuta neno la huruma, akalikosa. "Amekufa kidogo."

Saa tisa na nusu ikafika. Maseremala walikuwa wamejipanga ukutani na nyundo zao, maana saa kumi ngome ilitakiwa kubomolewa iwe wodi ya wazazi ya filamu nyingine. Mwongozaji akamshika Marehemu bega.

"Mzee, mlinzi afe tu. Siyo aibu. Hakuna anayekufa kama wewe."

Marehemu alimtazama mama yake. Alikuwa amegeuza uso upande ambao hakuna mtu, akiutabasamia, akidhani ndiko aliko mwanawe.

"Mara moja zaidi," alisema. Katika miaka ishirini na minne hakuwahi kuomba mara moja zaidi.

Staa akainua upanga. Jicho likakonyeza. Marehemu akavuta pumzi.

Mama hakuona ila ukungu, lakini pumzi ile aliisikia. Aliijua. Ndiyo aliyoivuta mwanawe huyu akiwa na miaka minne, kila aliponyimwa kitu, kabla ya kujitupa sakafuni.

"We," alisema, wala hakupaza sauti. "Simama. Utachafua nguo."

Goti likasita. Mtu mzima wa miaka hamsini na mitano, akiwa nusu ya njia kuelekea ahera, akanyooka. Staa, aliyekuwa katikati ya kusema "Nenda kwenu," aliangalia juu kwa hofu, na hofu ile ilimpendeza kuliko huruma yote aliyofundishwa. Mlinzi akatupa upanga. Akajikung'uta magoti. Akatoka langoni. Nyuma ya lango palikuwa na ndoo za rangi na mlango wa choo, lakini alivipita, akaendelea mpaka barabarani, na mavazi yake ya ngome, akasimama kando ya mwuza soksi, akipumua.

Sauti mbili zile, ya Staa na ya mama, ziligandana kwenye kanda. Hazikuweza kutenganishwa, na Staa alishakwenda filamu nyingine akiwa na ndevu nyingine. Zikaachwa humo humo filamuni. Mchambuzi mmoja wa redioni alieleza kwa dakika kumi kwamba ile ni sauti ya historia, na kwamba nguo ni dhamiri.

Filamu ilipotoka, miezi saba baadaye, macho ya mama yalikuwa yamebaki na mwanga tu. Alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani. Marehemu alimnong'oneza, "Sasa ameinua upanga. Sasa mimi..."

"Nyamaza, nasikia."

Mama akaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka juu, kwenye spika. Akatikisa kichwa, ameridhika. Kisha zikaja nyayo.

"Hizo nyayo zako?"

Hazikuwa zake. Zilitengenezwa baadaye na fundi wa sauti, kwa viatu viwili na sinia la mchanga.

"Zangu, mama."

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Vizuri." Akasikiliza mpaka zilipokwisha. "Lango umefunga?"

Marehemu akatazama. Lango lilikuwa wazi, na jeshi zima la adui lilikuwa likiingia.

"Nimesahau, mama."

"Ndiyo tabia yako," alisema mama, na kwa mara ya kwanza hakunyanyuka, akakaa mpaka taa zikawashwa.