Bawaba za Nestor

Nina hasira, na sitaificha. Nestor alifukuzwa kazi kwa sababu ya picha moja, na aliyeithibitisha picha hiyo ni mimi.

Kiwanda chetu kiko Grand Prairie, kati ya Dallas na Fort Worth. Tunachonga bawaba za milango ya magurudumu ya ndege za kivita. Nestor, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, aliendesha mashine pale miaka tisa. Mimi, Chepngetich kutoka Kenya, ni mkaguzi: yeye alichonga, mimi nikapima. Haki ya Mungu, sikuwahi kumrudishia zaidi ya vipande vinne.

Mwaka jana serikali ya huku ikatia saini mkataba wa silaha na nchi moja rafiki. Wao watanunua ndege, lakini sehemu ya kazi lazima ifanyiwe kwao. Sehemu waliyopewa ni bawaba zetu. Michoro yetu ni siri ya serikali; kibali cha kuipeleka nje ya nchi, kilichokuwa kikichukua miezi mizima, sasa kingetoka kwa siku moja. Wageni sita wakaja, wakapiga picha mashine, visu vyake vya kukatia chuma, hata mikono ya Nestor. Bosi akawalisha nyama choma. Nestor akaamriwa awafundishe, naye, jamani, akawafundisha kila kitu, mpaka namna ya kusikiliza sauti ya kisu kinachoanza kuchakaa.

"Unawapa kazi yako hivi hivi!" nikamfokea.

"Dada, nao wametumwa tu."

Kazi ilipohamia kwao, watu ishirini na wawili wakaachishwa. Nestor akaambiwa atabaki, kwenye mashine tatu zilizosalia. Furaha aliyokuwa nayo! Ukoo wake una kundi la WhatsApp, watu themanini, Bujumbura hadi Kigoma, na kila jema hupelekwa humo na picha yake ili wazee washukuru pamoja. Akajipiga picha kazini, ameshika bawaba, akaandika: "Mungu amenibakiza." Nyuma ya bega lake, kwenye skrini ya mashine, mchoro mzima ulionekana, vipimo na namba. Binamu mmoja akaiweka Facebook, na mtu wa kazini akaiona, akaripoti.

Jumatatu nikaitwa ofisini. Afisa wa usalama akaikuza ile picha.

"Hii namba ni ya mchoro wetu?"

Ningesema sioni vizuri. Ningesema chochote. Nikasema ndiyo.

Nestor alikuwa amekaa pale pale. "Hao ni shangazi zangu," alirudia. "Shangazi yangu atatengeneza ndege na nini?" Hakuna aliyecheka. Mchoro huo huo tulishawatumia wageni wiki mbili kabla, kihalali kabisa. Kwa rafiki ni biashara, kwa shangazi ni kosa la jinai. Haki gani hiyo?

Wakamsindikiza nje bila hata kumwacha achukue koti lake. Mimi wakaniwekea karatasi mbele: nisizungumzie jambo hilo, wala nisimsemee mhusika kwa mwajiri mwingine yeyote. Nikatia sahihi.

Jumapili iliyopita nilimkuta ananisubiri nje ya kanisa letu. Alikuwa ametoka kwake, mtaa wa Vickery Meadow, Dallas, kwa treni na basi. Miezi minne ameomba kazi kila kiwanda, na kila mahali wanamuuliza kwa nini aliondoka, naye hajui kudanganya. Sasa karakana moja ya Fort Worth imekubali kumchukua, mradi apatikane mtu mmoja tu aliyeiona kazi yake.

"Niruhusu niandike jina lako, dada. Wakikupigia, uwaambie ulichokiona. Mwisho ni kesho."

Nikaiwaza ile karatasi. Nikawawaza wanangu.

"Siwezi, Nestor. Nilitia sahihi."

Nikaomba moyoni anitukane. "Basi, usijisumbue," akasema. Akauliza hali ya watoto. Nikamwambia hawajambo.

"Asante, dada," akasema, akaanza kutembea kwenda kituoni. Niliketi ndani ya gari nikalia mpaka akapotea, na sikumwita.