Poda ya Daktari Mexique

Mtaani Symphorien aliitwa Mexique, yaani Meksiko kwa Kifaransa, miaka mingi kabla hajawa daktari. Alikuwa akiandika tasnifu juu ya Wachikano, watu wa asili ya Meksiko waliozaliwa Amerika, ambao huchanganya Kihispania na Kiingereza katika ubeti mmoja bila kumwomba mtu radhi. Majirani waliona ni elimu yenye manufaa: walimpigia hodi kumuuliza kama yule binti wa kwenye telenovela ataolewa. Aliwajibu kwa uhakika wa msomi, na kila mara alikosea.

Siku ya kuitetea tasnifu, mama yake mdogo, Mado, alishuka kutoka Kasenga na kikosi cha akina mama wa ukoo, pamoja na samaki na unga wa karamu. Kwa kuwa yeye na wenzake hawakujua Kifaransa, aliwapa amri moja tu: watu wakipiga makofi, mwagieni mtoto poda. Ndivyo daktari mpya anavyopongezwa Lubumbashi.

Mambo yalikwenda vizuri hadi Profesa Anaclet, mwenyekiti wa jopo, alipovua miwani. Huyu ndiye husoma Neno kwenye misa ya Jumapili kwa sauti ya mtu aliyekuwepo. Alisema yuko tayari kuirudisha kazi yote ikaandikwe upya, maana mwandishi wake hajawahi hata kupanda ndege pale Luano. Wachikano hao, akauliza, amewahi kumwona japo mmoja?

Symphorien alianza kupekua orodha yake ya marejeo.

Mado alitafsiriwa swali na aliyeketi kando yake, kisha akasimama.

"Na weye, prof, Yezu ulimuonaka wapi? Kila dimanche unatuelezaka habari yake."

Ukumbi ukaangua kicheko, hata wajumbe wengine wa jopo, na makofi yakafuata. Akina mama wa Kasenga, watii, wakainuka na makopo yao ya poda. Symphorien akawa mweupe. Profesa, aliyekuwa amesogea kudai utulivu, akawa mweupe zaidi.

Jopo lilitoka kujadiliana likiacha nyayo za poda. Liliporudi, Anaclet alisoma uamuzi akiwa na ndevu nyeupe za Papa Noeli, yule mzee wa Krismasi: tasnifu imepokelewa, tena kwa distinction, yaani kwa alama za juu. Kuhusu swali lake, aliongeza, familia imekwisha kujibu.

Sasa makofi yalikuwa ya haki, lakini makopo yalikuwa matupu. Na daktari asiyemwagiwa kitu ni daktari gani? Mado akafungua mfuko wa unga wa karamu.

Ndiyo maana samaki waliliwa bila bukari, ule ugali wa Lubumbashi, na kila aliyenung'unika alioneshwa nywele za daktari.