Mikono ya Bernadine Mfukoni

Hebu mwone Bernadine Sobczak anavyofika. Toledo, Januari, theluji imefunika vifundo vya miguu, naye anashuka garini mikono yote miwili imezama kwenye mifuko ya koti. Si kwa sababu ya baridi. Mwanamke huyu alikuwa fundi bomba miaka thelathini, na leo amekuja kwenye nyumba iliyopasuka bomba bila hata spana.

Nyumba ni yake, na si yake. Akiba yake ya uzeeni ilikuwa kwenye hisa za makampuni. Akasema hisa hazijui, hazina paa wala choo. Akaihamishia kwenye akaunti ya kustaafu ambayo mwenyewe huchagua pa kuiwekeza, na akaunti ikanunua kijumba hiki cha mbao. Pango huingia humo, fundi hulipwa kutoka humo. Lakini kuna sharti: Bernadine asilale ndani, asimweke mwanawe, asipigilie hata msumari. Akiikarabati kwa mkono wake, serikali yaweza kusema ameitoa akiba yote, na adaiwe kodi ya akiba yote papo hapo. Uzee wake mzima uende kwa nati moja.

Mpangaji, Odell Tipton, dereva wa basi la shule, alimpokea mlangoni kavaa buti za mvua.

"Karibu, mama mwenye nyumba! Umekuja kuogelea?"

"Fundi yuko wapi?"

"Kakwama kwenye theluji. Anasema saa nzima bado. Lakini si wewe huyu hapa? Shuka chini ukaze, mambo yaishe."

"Siwezi, Odell."

"Huwezi au hutaki? Nasikia mabomba ya mji huu yakikuona yananyamaza yenyewe."

"Haya hayanijui. Hapa mimi ni mgeni."

Odell akacheka, kisha akaacha, maana kwenye chumba cha chini ya ardhi, maji yalishafika ngazi ya pili, na tanuri la kupasha nyumba joto liko huko huko.

Bernadine akasimama juu ya ngazi. Vidole vilimwasha. Koki ya kufungia maji aliiona pale ukutani, imeshika kutu, na alijua itakwama wapi. Akakunja ngumi humo humo mfukoni.

"Shuka wewe. Mimi nitakuambia."

"Mimi? Mimi najua usukani tu!"

"Basi huo ni usukani. Kulia. Sio hivyo, unaibembeleza! Haya, rudisha kushoto kidogo, kutu iachie. Sasa kulia tena. Kaza, bwana, haing'ati!"

Koki ikalia kwa uchungu. Maji yakapungua, yakadondoka, yakakatika.

Odell akapanda, suruali chapachapa, meno yote nje. Akanyoosha mkono. Bernadine akasita.

"Nipe mkono, mama. Mimi si sehemu ya nyumba!"

Ndipo akautoa, wakacheka.

Mikono yake haikugusa kitu humo, hilo hana wasiwasi nalo. Lakini ule ulimi wenye miaka thelathini ya ufundi? Ungekuwa wewe ndiye karani wa kodi, nao ungeuhesabu kuwa fundi?