Msomaji Aliyetoweka Kwenye Daftari

Wanafunzi walimwita Mama Shii, naye alijua. Alikuwa mkutubi wa shule ya sekondari kwa miaka kumi na tisa, na kwa miaka hiyo yote kidole chake cha shahada hakikukaa mbali na midomo yake. Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kirefu kilichobanwa kati ya maabara ya kemia na stoo ya vifaa vya michezo. Kilikuwa na rafu kumi na moja, meza sita, na feni iliyozunguka pale tu ilipojisikia. Vitabu vilikuwa elfu mbili na mia nne, na Mama Shii angeweza kukuonyesha chochote unachotaka akiwa amekipa mgongo.

Asichokijua kilikuwa kompyuta. Ile waliyomletea aliifunika kwa kitambaa cha maua, na juu ya kitambaa akaweka mhuri na kidau cha wino.

Jumatatu moja mwalimu mkuu alituma tangazo kwenye kundi la wasapu la walimu. Kulikuwa na mafunzo ya wiki sita kwa wakutubi wa shule na walimu, kwa njia ya mtandao, bila malipo, kuhusu zana za kidijitali. Walimu thelathini na mmoja walijibu kwa kidole gumba, wala hakuna aliyefungua kiungo. Mama Shii alikifungua kwa bahati mbaya, kidole kilipoteleza akitaka naye kuweka gumba lake. Kabla hajajua afanye nini, ukurasa ulikuwa ukimuuliza jina, shule, na swali la tatu: "Ni jambo gani hulijui kuhusu maktaba yako?"

Swali lile lilimkera mpaka jioni. Alifika nalo nyumbani, sebuleni, ambako wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa ameinamia cherehani lake. Wifi huyo alishonea watu nguo hapo hapo sebuleni, na hakuna habari ya mtaani iliyompita.

"Eti ni jambo gani silijui," alisema Mama Shii akivua viatu. "Mimi, na ile maktaba."

"Si uwajibu hulijui hilo swali lenyewe," wifi alisema, sindano mdomoni. "Jaza bwana. Ukishindwa utarudi kwenye mhuri wako, haujaenda popote."

Akajaza.

Kipindi cha kwanza kilimtoa jasho. Mwezeshaji, mwanamke mwenye sauti ya taratibu na miwani ya duara, alimwomba ajitambulishe. Mama Shii aliongea dakika nne nzima, kwa ufasaha, huku kipaza sauti chake kimefungwa. Watu mia mbili walimtazama akichezesha midomo. Mwezeshaji alipomweleza, alitamani ardhi ipasuke. Lakini wenzake wakaanza kuandika pembeni mwa kioo kwamba wao pia yaliwakuta, mmoja mara tatu, na mkutubi mwingine akakiri kwamba kipindi kizima alikuwa ameielekeza kamera kwenye dari. Mama Shii akacheka. Baada ya hapo hakushikika.

Kufikia wiki ya pili, kitambaa cha maua kilikuwa kimekunjwa ndani ya droo. Saa ya mapumziko hakuonekana tena chumba cha walimu. Alikuwa amejifungia na kompyuta, akifungua hiki na kufunga kile, na akipata jambo jipya alitoka mbio koridoni kutafuta mtu wa kumwonyesha. Mwalimu wa kemia alionyeshwa jinsi ya kutengeneza jaribio ambalo linajisahihisha lenyewe, akaonyeshwa tena siku ya pili kwa sababu Mama Shii alisahau kwamba alikwisha kumwonyesha. Nyumbani, wifi alianza kulalamika.

"Kaka yangu alioa mkutubi," alisema. "Sasa sijui tuna nani humu ndani. Unakula macho yako yako kwenye simu kama msichana aliyetongozwa juzi."

"Wiki ya tatu tunaingia majedwali," Mama Shii alijibu, kama mtu anayetangaza harusi.

Kazi ya wiki ya tatu ilikuwa kuchukua daftari la kuazimia vitabu, kuliingiza kwenye jedwali la kompyuta, kisha kuliuliza jedwali swali moja. Mama Shii aliingiza miaka miwili, mistari elfu moja na mia nane, akigonga kwa vidole viwili. Ilimchukua siku sita. Siku ya saba alichagua swali jepesi: nani anaazima vitabu kuliko wote? Akabonyeza. Majina yakaruka, yakapangana yenyewe juu hadi chini, na yeye peke yake mle chumbani akapiga kofi.

Kileleni mwa mwaka wa kwanza kati ya hiyo miwili alikuwa mwalimu wa historia, vitabu sitini na saba. Hilo halikumshangaza. Mzee huyo, ambaye shule nzima ilimwita Karne kwa kuwa kila somo lake lilianza na "katika karne ya," alikuwa mla vitabu. Mama Shii akamtafuta kwenye mwaka wa pili. Sifuri. Akadhani amebonyeza vibaya, akarudia. Sifuri vilevile.

Aliegemea kiti. Kweli, Karne alikuwa akipita tu mlangoni siku hizi, anapunga mkono, anakwenda zake. Mama Shii aliwahi kumsema kwa kurudisha kitabu chenye doa la chai, akadhani tu kwamba mwenzake amenuna. Na yeye, kwa kuwa hakubali kununiwa bure, akamnunia pia. Mwaka mzima walikuwa wakipungiana mikono kwa baridi, na kumbe hakuwahi kujiuliza mtu kama yule anawezaje kukaa bila kitabu.

Jibu lilianza kujitokeza wiki ya nne. Somo lilihusu wasomaji wenye uoni hafifu na namna simu ya kawaida inavyoweza kupiga picha ukurasa na kuusoma kwa sauti. Kabla ya kuonyesha chombo chenyewe, mwezeshaji alisema jambo ambalo Mama Shii aliliandika na kulipigia mistari miwili. Alisema wengi wa wasomaji hao hawatakuja kwako wakuambie. Utawaona wakikwepa. Watasema wamechoka, watasema wana haraka, watampa mwingine asome.

Mama Shii aliacha kuandika. Madarasani mwa Karne, wanafunzi walisomeana insha kwa sauti, na mwalimu akatoa alama kwa kusikiliza. Mkaguzi alipokuja aliisifu mbinu hiyo mbele ya wote, akawaambia walimu wengine waige. Nao wakaiga.

Jioni ile alikijaribu chombo nyumbani. Ukurasa wa karibu ulikuwa wa daftari la vipimo la wifi yake, aliyeandika kwa herufi kubwa zilizonyooka kama za chapa. Akapiga picha, na simu ikaanza kusoma kwa sauti ya mtangazaji wa habari: "Mama Pacha. Kiuno, mia moja na nne. Kifua, usimwambie kimeongezeka." Wifi aliruka kutoka kwenye cherehani na kuifunika simu kwa mto. Walicheka mpaka mume wa Mama Shii akatoka chumbani kuuliza nani anafukuzana.

Kesho yake shuleni, kipindi cha tatu, alimkuta Karne peke yake chumba cha walimu, mkono juu ya rundo la madaftari yaliyofungwa.

"Kaka, una dakika mbili?"

"Kwako ninazo, dada. Ila kama ni lile doa la chai, nilishatubu."

Alicheka kidogo, naye Mama Shii akaona kwamba macho yake hayakumtazama usoni hasa, yalitua pembeni, karibu na sikio. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, yote yakampotea.

"Tangu lini huoni vizuri?" aliuliza.

 Karne aliyasawazisha madaftari ambayo tayari yalikuwa sawa.

"Mwaka na miezi minne," alisema hatimaye. "Pembeni naona. Wewe hapo, nguo yako ni ya kijani, mlango uko wazi. Lakini nikikitazama kitu chenyewe, katikati pana ukungu. Daktari wa macho amesema miwani haisaidii, na upasuaji haupo." Akashusha sauti. "Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nimeliona kwenye jedwali."

"Jedwali limejua kwamba mimi sioni?"

"Limejua kwamba husomi. Mengine nimejaza mwenyewe."

Alitoa simu, akaweka mezani kitabu alichokuja nacho kwapani, kile ambacho Karne alikuwa amekiazima mara tano. Akapiga picha ukurasa wa kwanza, akampa kipokea sauti cha sikioni. Karne alikipachika kwa mashaka. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Mama Shii alishtuka, akidhani analia.

"Kinasema karne ya eksi-ai-eksi," Karne alisema, akihema kwa kicheko. "Dada, namba za Kirumi zimekishinda, hakijui kusoma karne. Mimi huyu, nisomewe na mtu asiyejua karne ya kumi na tisa." Akajifuta macho kwa kiganja. "Rudisha mwanzo. Kianze tena."

Tangu siku hiyo alikuwa maktaba kila mapumziko. Alijifunza kushika simu juu ya ukurasa bila kutetemeka, akajifunza kuongeza kasi ya sauti mpaka Mama Shii mwenyewe haambulii neno. Madaftari ya wanafunzi yalisumbua, maana chombo hakikuwezana na mwandiko wao wa mkono, wa haraka na wa kuparuza. Basi wawili hao wakakaa, wakabuni: insha ziandikwe kwenye kompyuta za shule, zitumwe kwake, yeye azisikilize na kutoa maoni kwa kurekodi sauti. Alitoa maoni marefu kweli. Mwanafunzi mmoja alipokea dakika kumi na moja juu ya aya moja.

Jambo moja tu lilibaki, nalo lilikuwa zito. Karne hakutaka uongozi ujue. Alikuwa na hofu ya kupumzishwa kabla ya wakati, na Mama Shii alimwahidi kufunga mdomo. Ahadi hiyo ilimbana wiki ya sita ilipofika, kwa sababu kazi ya mwisho ilikuwa kusimama mbele ya washiriki wote, dakika tano, na kueleza msomaji mmoja uliyemsaidia.

"Nitasema ni msomaji wa kubuni," alimwambia.

Karne alifikiri. "Wewe na uongo hamjuani. Utashikwa na kigugumizi."

"Sasa nifanyeje?"

"Nitakuja mwenyewe," alisema, kisha akakohoa kana kwamba neno limemponyoka.

Siku yenyewe mtandao wa maktaba ukagoma, robo saa kabla ya zamu yao. Mama Shii alikusanya kompyuta, waya na kitabu, akakimbilia maabara ya kemia ambako mtandao ulikuwa na nguvu dirishani. Mwalimu wa kemia aliondoa vibomba vyake vya majaribio bila kuuliza. Vishindo hivyo vilimvuta mwalimu mkuu kutoka ofisini. Alifika mlangoni akiwa na funguo mkononi, akataka kujua kuna nini, na mwalimu wa kemia akamwashiria anyamaze. Mama Shii alimwona.  Akamnong'oneza Karne, "Mkuu yupo mlangoni. Tuache?"

Karne alinyoosha kola yake. "Anza."

Alianza. Aliongea kwa furaha iliyomfanya asahau karatasi yake, akaeleza mistari elfu moja na mia nane, majina yaliyoruka, ile sifuri. Alipofika kwa msomaji, alisogea pembeni. Karne akajitokeza mbele ya kamera.

"Msomaji huyo ni mimi," alisema. "Nimefundisha miaka ishirini na sita. Mwaka na nusu wa mwisho nimefundisha nikijificha, na kujificha kumenichosha kuliko kazi. Sasa tazameni ninavyosoma."

Akashika simu juu ya ukurasa, mkono umetulia, na maabara nzima ikasikia sauti ikisoma. Kisha akaizima, akaendelea mwenyewe kutoka pale, kwa kichwa, akieleza sababu za vita ambavyo kitabu kilikuwa bado hakijavifikia. Dakika tano zikawa tisa. Mwezeshaji hakumkatiza.

Mwalimu mkuu alisubiri kamera izimwe ndipo akaingia. Alikuwa mwanamke wa maneno machache.

"Mwalimu, hili ungeniambia mimi kwanza," alisema.

"Ni kweli, mama. Nilikuogopa."

Mkuu alizichezea funguo. "Darasa lako ndilo linaloongoza kwa historia hapa. Ningekupumzisha, ningemweka nani?" Akamgeukia Mama Shii. "Hicho chombo, walimu wengine wanaweza kujifunza?"

"Hata kesho," Mama Shii alisema. Hakusubiri kesho. Alimwonyesha palepale, juu ya meza ya maabara, na mwalimu mkuu akatumia dakika ishirini kusomewa karatasi ya maelekezo ya chumvi na tindikali.

Wiki mbili baadaye barua pepe ilifika. Walikuwa wakialikwa wote wawili kuwa wawezeshaji wasaidizi wa kundi lijalo, wakutubi na walimu mia mbili na kumi, wao wakishika wiki ya nne. Mama Shii aliisoma mara mbili kwa macho, kisha akaisomesha kwa simu ili Karne aisikie. Karne alitaka kujua kwa nini wiki ya nne tu. Wakaanza kubishana papo hapo nani atangulie kuongea, na ubishi wao ukasikika mpaka stoo ya vifaa vya michezo.