Aliyemwokota Ndiye Aliyempa Jina

Mwanangu, naikumbuka asubuhi ile mama mkwe wangu alipomkuta mjukuu wake amelazwa juu ya jalala, katikati ya majivu na maganda ya mihogo. Mtoto nilimzaa mimi. Nilikuwa karibu kabisa na pale, ndani ya nyumba, nimejiziba kinywa kwa mkono wangu mwenyewe. Usikunje uso hivyo. Kaa kwanza nikueleze tulifikaje huko, kisha unihukumu ukitaka.

Mimi ni mtoto wa upande wa Kabambare, wa kijiji kilicho kwenye njia ya kwenda Wamaza. Baba yangu alikuwa mkatekista. Alifundisha watu dini, na pamba ya lazima alilima kama wenzake, maana Mbeleji aliyetutawala hakujali mtu anajua sala ngapi. Niliolewa Kasongo mjini, kwa fundi cherehani, Mwislamu, wa zile familia za zamani zinazokula wali kwenye sinia na kumsomesha mtoto msahafu kabla hajajua kujifunga kamba ya kaptula. Ndoa ile ilibishaniwa sana na sitaki kukuchosha kwa habari zake. Mwisho wake kila upande ulikubali huku umenuna, na mimi na mume wangu tukaishi katikati ya minuno hiyo kwa furaha tu, kwa sababu tulipendana.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kiume. Mama mkwe alimpa jina la Mahamudi, akanieleza kwamba maana yake ni mwenye kusifiwa. Homa ilimchukua kabla hajaanza kutambaa. Wa pili alikuwa wa kike, na safari hiyo baba yangu aliomba sana jina litoke kwake. Akamwita Viktoria, yaani ushindi. Huyo hata meno hayakuota. Basi nyumba mbili zikaanza kurushiana maneno. Kwetu walisema yule wa kwanza aliuawa na jina la Kiarabu, na Kasongo walisema yule wa pili aliuawa na jina la misheni. Hakuna aliyekuja kuniuliza mimi nililala vipi, nilikula nini, nilikuwa naamkaje asubuhi.

Nilipopata mimba ya tatu, minong'ono ilinifikia kwamba huyu naye akiondoka, mume wangu atatafutiwa mwanamke mwingine. Nikaomba ruhusa nikajifungulie kwa mama yangu. Mume wangu alinisindikiza mpaka kwenye lori la pamba, akasimama barabarani akinipungia mpaka vumbi likamfunika. Nilikuwa na hofu, mwanangu, hofu ambayo simtakii hata mtu niliyegombana naye.

Mama yangu alikuwa mtu wa maneno machache. Aliponipokea aliniambia kwamba mara hii hakuna jina zuri, na hakuna mtu wa kumsifia mtoto. Watu wa kwetu tulikuwa na desturi kwa mwanamke aliyezika watoto. Mtoto anayefuata, kitovu chake kikishaanguka, analazwa kwenye jani la mgomba juu ya jalala nyuma ya jiko. Jirani aliyezaa wengi na hakupoteza hata mmoja anapita pale kama mtu aliyekuwa na safari zake, anauliza nani ametupa kitu hiki, anamwokota na kumpa jina la dharau. Kisha anakuja mlangoni kuomba wamlelee mtoto wake. Kuanzia siku hiyo wazazi si wazazi tena, ni walezi tu. Kifo kikija kumtafuta mtoto wao, kinakuta hawana mtoto. Na jambo moja lilikatazwa kabisa: mtu wa nyumba ile kutamka kwa mdomo wake kwamba huyu ni wetu. Ukitamka, umemwita mwenye kutafuta na kumwonyesha.

Baba yangu desturi hiyo hakuipenda. Lakini asubuhi ile alichukua jembe akaenda shambani mapema kuliko siku zote, na wala hakuuliza kwa nini mama anakata jani la mgomba. Mkatekista naye ni babu.

Nilikuwa nimejifungua mtoto wa kike, na siku ile akalazwa. Jirani yetu mmoja mnene, mcheshi, mama wa watoto kumi na zaidi, ndiye aliyepangiwa kupita. Lakini jirani huyo hakuwahi kuwahi mahali popote maisha yake yote, na siku ile alisimama njiani kuzungumza na muuza samaki. Mimi ndani nilikuwa nasikiliza. Nikasikia hatua. Nikashukuru, nikidhani ni yeye. Kisha nikasikia sauti, na haikuwa ya jirani.

Ilikuwa sauti ya mama mkwe wangu. Habari za uzazi zilimfikia, akaja na lori kutoka Kasongo ili awahi siku ya saba, ampe mtoto jina mwenyewe na kumnyoa nywele za tumboni, kama ilivyo kwao. Alipita nyuma ya jiko kwa sababu mbele mbwa walikuwa wakimbwekea. Akamwona mjukuu wake juu ya taka. Mtu wa mjini yule, mwanamke wa buibui safi na udi, alipiga magoti ndani ya majivu akamnyanyua mtoto na kumfunika kwa mtandio wake. Wanawake wa kwetu walipojitokeza, aliwageukia.

"Munatupa mutoto wa mwana wangu mu taka?" akasema. "Ni mutoto wenu huyu, ao hapana? Munijibu."

Hapo ndipo pabaya, mwanangu. Nani angejibu? Mama yangu akisema ndiyo, ni wetu, amevunja kila kitu. Akisema hapana, amempa mwenzake mtoto moja kwa moja. Na kwa desturi yetu wenyewe, mkono uliookota ndio wenye mtoto. Hakuna wa kumnyang'anya. Wanawake wote wakatazama chini. Mama mkwe alipoona kimya kile alisema basi, kama hana mwenyewe, anakwenda naye Kasongo siku hiyo hiyo, atamtafutia mnyonyeshaji huko. Na mimi niko ndani, maziwa yanatiririka mpaka yanalowesha kikwembe nilichojifunga, neno "mwanangu" limenikaa kooni na siwezi kulitoa. Nilitaka kufa. Nakwambia bila haya, nilimchukia kila mtu aliyekuwa pale nje.

Mama yangu akauliza jambo moja tu, lile ambalo desturi inamdai mwokotaji. Akauliza, kwa upole, amempa mtoto jina gani.

"Hana," akajibu mama mkwe. "Jina ya mama yangu."

Wanawake wa kwetu wakapiga vigelegele. Wewe unajua kwa nini. Kwa masikio yao, jina lile lilikuwa bora kuliko lolote ambalo jirani angelibuni: hana kitu, hana thamani, hana wa kumtazama mara mbili. Kifo chenyewe kingepita bila kugeuza shingo. Lakini mama mkwe aliona wanamcheka mama yake, marehemu. Akawaambia kwamba Hana ni neno la Kiarabu, ni raha, ni mtu kukaa na moyo mkunjufu, na kwamba watu wa porini wasiojua maana ya majina wasimchezee. Akageuka, akaishika njia ya kwenda barabarani, mtoto akilia kifuani kwake.

Mama yangu alimfuata. Hakukimbia wala hakumshika nguo. Alitembea nyuma yake, na mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni, nimeshika mwimo, nikasikia yote.

"Mukwe, mimi sisemi mutoto ni wetu," akasema. "Sisemi kitu. Ila ile majina mbili ya kwanza, yenu na yetu, yote yalikuwa na maana muzuri sana. Leo nikiita Mahamudi, nani ataitika? Nikiita Viktoria, nani ataitika?"

Mama mkwe akasimama. Ni yeye aliyemwosha Mahamudi kwa mikono yake, nilimwona, na baada ya hapo hakuwahi kulitaja jina lile mbele yangu. Sasa alilisikia likitajwa njiani, mchana kweupe, na mwanamke ambaye hakuwahi hata kumbeba. Alikaa chini pale pale kwenye nyasi na buibui lake, akalia. Mama yangu akakaa kando yake. Mtoto aliendelea kupiga kelele kwa niaba ya wote.

Mwishowe mama mkwe akauliza afanye nini. Mama akamjibu kwamba mtu aliyeokota mtoto huwa anatafuta mlezi. "Iko mwanamuke moja mu ile nyumba," akasema, "iko na maziwa, na hana mutoto. Umuulize."

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kuomba. Katika miaka yote niliyoishi kwake alikuwa anaagiza. Siku ile alirudi mpaka mlangoni kwetu, majivu bado magotini, akasema hodi kama mgeni, akaniambia kwamba ameokota mtoto na hana mahali pa kumnyonyesha. Nikamuuliza, kama inavyotakiwa, ni mtoto wa nani. Akasema ni wake. Nikauliza anaitwa nani. Akasema Hana, na safari hii hakuongeza maelezo yoyote. Nikampokea.

Alikaa kwetu mpaka nikatoka arobaini, akila sombe, majani ya mihogo aliyopika mama yangu, na kuikosoa chumvi yake kila siku. Baba aliporudi shambani na kulisikia jina, alifurahi kupita kiasi, akatuhubiria habari za Hana wa Maandiko, yule mwanamke aliyemlilia Mungu mpaka akapewa mtoto, na kwamba kwa Kiebrania ni neema. Baadaye sista mmoja Mzungu wa zahanati ya Kabambare alimpima mtoto akatuambia kwamba Hana na Anna ni jina moja, ndilo jina la dada yake huko kwao. Na juzi mjukuu wangu amefungua simu akaniambia huko Ujapani ni ua. Haya, na liwe ua. Kila mtu alilikuta jina lile nyumbani kwake, na kila mmoja aliapa kwamba ndiye mwenye nalo. Mama mkwe na baba yangu walibishana juu yake mpaka uzeeni, kwa adabu, na mimi niliwaacha wabishane, maana waliokuwa wakibishana walikuwa wanambeba mtoto kwa zamu.

Sasa nisikilize, wewe uliyenijia na karatasi ya majina, mmegombana na wakwe zako hata kabla mtoto hajazaliwa. Uliza maana ya jina, si vibaya. Uliza kwa lugha ya baba, kwa lugha ya mama, na kwa lugha ya jirani pia, ili usimtwishe mtoto kitu kitakachomwaibisha asipokuwa nyumbani. Lakini ukisikia jina la mtu linakuchekesha, funga mdomo, kwa sababu huko lilikotoka huenda ni la mama wa mtu. Na watu wa upande mwingine wakilipenda jina la mwanao kwa maana ambayo wewe hukuikusudia, usiwanyang'anye. Waache walipende. Mtoto anayependwa kwa maana tatu ana watu watatu wa kumkimbilia mvua ikimkuta njiani. Mkeo anayebeba hiyo mimba, muulize na yeye, maana mimi sikuulizwa, na iliniuma.

Hana wangu ni bibi kizee sasa. Meno yamepungua, masikio mazito, na anaishi nyumba ya tatu kutoka hapa. Bado namwita kila asubuhi nikiamka, kwa sauti, majirani wote wanasikia na wengine wananicheka. Sijawahi kusubiri jibu bila moyo kunidunda, hata leo. Halafu ananiitika.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mtoto, ampe jina litakalokubalika nyumba zote mbili, na akujalie uzee mrefu wa kumwita na yeye akuitike.