Nilivyokaa Kwenye Kiti cha Marehemu

Harufu ya nyasi kavu hunirudisha mbali. Vijana wangu wa kazi za bustani wakizimwaga juu ya mbegu kwenye uwanja wa tajiri fulani kule Springfield, mimi husimama kando ya lori lenye jina langu mlangoni na kuvuta pumzi. Wao hudhani bosi anawakagua. Kumbe, ndugu zangu, bosi yuko Temple Hills, mtaa wa Marekani alikokulia, bado mtoto, na anakula.

Mama alifanya kazi za ndani kwa mwanadiplomasia mmoja, akirudi nimeshalala. Aliyenilea ni jirani, Bibi Olena, mjane wa Kiukraine mwenye mikono ya fundi seremala. Mkesha wa Krismasi yao, inayokuja baada ya yetu, alitandaza nyasi kavu chini ya kitambaa cha meza, akapika vyakula visivyo na nyama, na ngano yenye asali. Kisha aliweka sahani moja ya ziada, ya marehemu wa nyumba. Hapo ndipo nilipokaa mimi, kila mwaka. Mama aliposikia alishika kichwa. "Mwanangu, unakalia kiti cha maiti kwa sababu ya ngano?" Nikamwambia ina asali.

Mwaka mmoja akaja mtengeneza filamu, kijana wa Kiukraine aliyezaliwa hapahapa Marekani, shati lake la darizi bado lina mikunjo ya dukani. Alikuwa anakusanya mila za wahamiaji wao. Akaniona kitini, akatabasamu lile tabasamu la kumfukuza mtu.

"Bibi, mtoto akae jikoni kidogo. Sahani hii inatakiwa iwe tupu. Ndiyo mila."

"Mila nakufundisha mimi, au unanifundisha wewe?"

"Watazamaji hawataelewa, bibi."

"Basi waje waniulize. Waliokufa hawali. Huyu ana njaa. Washa mashine yako, au beba taa zako uende."

Siwadanganyi, nilikaa pale kama nimepigiliwa misumari. Nikala mbele ya kamera, nikaongeza, nikamkodolea macho kijana yule. Bibi akasimama nyuma yangu, mkono begani kwangu, akasema maneno ya Kiukraine ambayo sikuelewa hata moja. Niliamini ananisifu. Nani asingenisifu?

Tangu siku ile nimekalia viti vingi nilivyoambiwa si vyangu. Shule niliiacha mapema, na leo wenye digrii wananiomba kazi.

Majuzi, ukumbi mmoja wa Greenbelt ulionyesha filamu za zamani za Waukraine. Nikaenda na binti yangu, nimevaa suti, tukaketi mbele kabisa. Nikajiona pale, mashavu yamejaa. "Umemwona baba yako alivyo staa?" nikamnong'oneza. Tafsiri ya Kiingereza chini ya picha ilipita upesi kuliko macho yangu, nikamwomba anisomee. Binti yangu Kiswahili hukisikia tu, hujibu kwa Kiingereza, lakini maneno yale aliyatafuta kwa Kiswahili, moja moja.

"Anasema sahani ni ya mdogo wake. Alikufa njaa, kule kwao. Anasema... kila mwaka nilimwekea, haikuguswa. Sasa nasikia kijiko."

Utotoni nilidhani bibi yule ananipigania mimi. Alikuwa akiikatalia njaa, isishinde mara ya pili mezani kwake, na silaha aliyokuwa nayo ni mdomo wangu. Kazi ile niliifanya vizuri, na hilo sitalisema kwa sauti ndogo.